Kanowna hapakuwa na maji ya kuoshea dhahabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala yenu kuhusu Kanowna, mji wa dhahabu uliohamwa huko Australia Magharibi, nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Imeandikwa kwa lugha tamu, hilo sikatai. Lakini chini ya ile picha kubwa ya wanaume wawili na kisanduku cha mbao chenye mpini mmeandika kwamba "wanaosha mchanga wa dhahabu". Hapo nikashindwa kunyamaza. Tazameni tena picha yenu. Maji yako wapi? Lile wingu jeupe linalomfunika yule wa kushoto hadi kifuani ni vumbi, na vumbi hilo ndiyo kazi yenyewe.

Mimi ni Mtanzania, fundi wa maabara ya sampuli hapa Kalgoorlie. Napokea mawe kutoka migodini, nayakausha, nayaponda, nayasaga hadi yawe unga, kisha unga ule unachomwa pamoja na madini ya risasi kwenye tanuri ili tujue una dhahabu kiasi gani. Si mwanahistoria, wala sikutumwa na mtu. Ila Kanowna iko kama kilomita 20 kaskazini mashariki mwa mji ninaoishi, na siku za mapumziko huwa naenda kutembea huko, maana hapa ukishamaliza kufua na kupiga simu nyumbani hakuna mengi ya kufanya.

Mwandishi wako amesema kuna "magofu ya kuvutia". Magofu gani? Kuna tambarare ya udongo mwekundu, vichaka vya kijivu, na vibao vinavyokuonyesha palipokuwa na majengo. Jukwaa la stesheni ya reli limebaki, na makaburi yamebaki. Kwingine kote ni mashimo na vilima vya kifusi, makopo yaliyoliwa na kutu na vigae vya chupa ambavyo jua limevigeuza rangi. Mwaka 1905 pahali hapo palikuwa na watu 12,500, hoteli 16, viwanda viwili vya bia, makanisa kadhaa, na treni ya kwenda Kalgoorlie kila saa. Kufika mwaka 1953 hapakuwa na mkazi. Hizo takwimu mmezitoa sawasawa na nawapongeza. Kasoro iko kwenye maelezo ya namna watu wale walivyofanya kazi, na nani aliruhusiwa kuifanya.

Nianze na dhahabu yenyewe. Ilianza kuonekana hapo mwaka 1893, wakati eneo zima la mashariki ya koloni la Australia Magharibi lilikuwa limepagawa. Septemba 1892 Arthur Bayley na mwenzake William Ford walikuwa wamepata dhahabu Coolgardie, na Bayley akapanda farasi hadi mji wa Southern Cross akiwa na aunsi 554, zaidi ya kilo 17, kwenda kuandikisha madai yao. Juni 1893 Paddy Hannan na wenzake wawili, Flanagan na Shea, wakaokota yao hapa ambapo leo ni Kalgoorlie. Zote hizo zilianza kama dhahabu ya mchanga, yaani ile iliyokwisha kutoka kwenye mwamba. Mwamba wenye mshipa wa dhahabu huoza kwa miaka mingi mno ya jua na mvua, mawe mepesi huchukuliwa, dhahabu hubaki kwa sababu ya uzito wake. Kwa ujazo ule ule, dhahabu ni nzito kuliko kwatzi mara saba hivi. Ikizolewa na maji, huenda hatua chache na kulala chini, penye kona au shimo.

Msomaji atauliza, maji gani hayo na wewe umesema ni jangwani? Hapa mvua ni kama milimita 260 kwa mwaka, na jua huivuta kabla hujaifaidi. Jibu ni kwamba nchi hii haikuwa hivi siku zote. Zamani za kale sana, kabla ya mtu yeyote, ilikuwa na mito. Mito ile ilikauka, mabonde yake yakajaa udongo na mchanga, na leo ukitembea juu yake hujui kama unakanyaga mto. Kanowna ilipata sifa kwa sababu hiyo. Mwaka 1897 na 1898 wachimbaji waligundua mikondo hiyo iliyofukiwa, wakawa wanashusha maduara, yaani mashimo ya kwenda chini wima, hadi kwenye sakafu ya mto wa kale na kuifuata chini kwa chini. Mmoja ulielekea upande wa makaburi ya mji, ukaitwa Mkondo wa Makaburi, na watu waliugombania vivyo hivyo.

Sasa turudi kwenye kisanduku cha kwenye picha. Penye maji, dhahabu ya mchanga huchekechwa kwa karai mtoni. Penye ukame, kazi ya maji hufanywa na upepo. Wa kwanza kufika hawakuwa hata na kisanduku, walikuwa na karai mbili tu. Mtu alichimba, akaponda mabonge, akachekecha kokoto, kisha akasimama ubavu kwa upepo, akainua karai lililojaa hadi begani na kumimina taratibu kwenye karai lililo chini. Vumbi likaenda na upepo, kizito kikaanguka. Akabadilisha karai, akarudia. Akarudia tena. Mwisho kilibaki kiganja kimoja cha mchanga mweusi, akakipuliza kwa mdomo. Yeyote aliyewahi kupepeta nafaka kwenye ungo anaelewa kazi ile ilivyo, tofauti ni kwamba hapa unachotafuta kinaweza kuwa kidogo kuliko jicho lako linavyoweza kukamata, na huenda hakimo kabisa.

Kisanduku kilikuja baadaye kidogo. Juu kina chekeche, katikati kina trei iliyoinamishwa yenye vibanzi vya mbao vya kuzuia kizito, na chini kina mivukuto kama... niseme tu mivukuto, mhunzi anaijua. Ukizungusha mpini, trei inatikisika na mivukuto inasukuma hewa kutoka chini kupitia kitambaa. Mzee mmoja anayeishi peke yake nje ya mji anacho kimoja cha namna hiyo, amekirithi, na aliwahi kuniruhusu nimimine udongo huku yeye anazungusha. Kelele yake ni ya mbao na ngozi, si kubwa. Vumbi lake ndilo balaa. Lilikuwa laini kiasi kwamba leso niliyojifunga haikusaidia kitu, nikaja kulipenga jekundu mpaka kesho yake. Tulipomaliza alivuta trei, akaigonga kwa kidole, akaniambia nitazame nyuma ya kibanzi cha pili. Nilitazama na sikuona. Akachukua ncha ya kisu akasogeza mchanga, ndipo nikaziona chembe mbili. Yeye alikuwa ameziona tangu trei inatoka.

Ongeza sasa joto la Januari, linalopita digrii 40, na nzi. Wachimbaji wa hapa waliugua macho sana, kope zikivimba na kutoa usaha hadi mtu akawa anaongozwa na mwenzake kama kipofu. Halafu kulikuwa na jambo ambalo ndilo nilitaka hasa mwandishi wako alijue: udongo ukiwa na unyevu, mashine ile haifanyi kazi. Unashikana, hauruki. Kwa hiyo mvua iliponyesha, ile mvua ambayo kila mtu alikuwa anaiombea ili apate ya kunywa, kazi ilisimama mpaka jua lianike tena ardhi. Mchimbaji alihitaji maji tumboni na ukavu chini ya miguu, vyote kwa wakati mmoja.

Ya kunywa yalitoka wapi? Makala yenu imepita hapo mbiombio. Chini ya ardhi hapa maji yapo, ila ni ya chumvi kuliko ya bahari. Watu walijenga mitambo ya kuyachemsha, mvuke ukapita kwenye mabomba ya bati, ukapoa, ukawa maji ya kunywa yenye ladha ya bati. Kuni zilikatwa kwa kilomita nyingi kuzunguka machimbo. Maji hayo yaliuzwa kwa galoni, shilingi moja, shilingi mbili, na wakati wa uhaba zaidi ya hapo, shilingi za Kiingereza za wakati ule. Kuoga ilikuwa anasa na kuosha vyombo vilevile. Homa ya matumbo ikashuka juu ya kambi zile katikati ya miaka ya 1890 na kuua vijana wengi. Ukipita kwenye makaburi ya machimbo haya utasoma umri: ishirini na kitu, ishirini na kitu, thelathini.

Na kabla ya mitambo kulikuwa na maji mengine ambayo makala haikuyagusa hata kwa sentensi. Wenyeji wa nchi hii, Waaborijini wa jamii za Maduwongga na Wangkatha na jirani zao, waliishi hapa kwa kujua kila shimo la maji. Kwenye majabali ya itale kuna mashimo ya asili yanayokusanya mvua, na wenyeji waliyafunika kwa vibao vya mawe ili jua lisiyanyonye na wanyama wasiyachafue. Shimo moja dogo liliweza kuitosha familia inayohamahama na kujua kuacha. Haliwezi kutosha farasi ishirini. Wasafiri na wachimbaji walifika, wakanywesha mifugo, wakalikausha, wakaendelea mbele. Wengine walifanya zaidi ya hapo: walikamata wenyeji na kuwafunga ili wawaonyeshe maji yaliko. Msafiri Mwingereza David Carnegie alifanya hivyo katika safari yake ya mwaka 1896 na hakuficha, aliandika mwenyewe. Kwenye safari ya mpima ardhi Alfred Canning ya mwaka 1906 ilitumika minyororo, na mwaka 1908 Tume ya Kifalme ikaundwa kuchunguza. Makala inayosema eneo lile "lilikuwa tupu hadi dhahabu ilipopatikana" inarudia maneno yale yale ya wakati ule, Mhariri, na gazeti letu halina sababu ya kuyarudia.

Nije kwenye jambo linalonihusu zaidi. Mmeandika kwamba Kanowna "ilimkaribisha kila mwenye nguvu na bahati". Si kweli, na ushahidi uko kwenye sheria. Sheria ya Machimbo ya Dhahabu ya koloni ya mwaka 1895 iliwanyima leseni ya mchimbaji wageni wa asili ya Asia na Afrika. Imeandikwa hivyo, Asia na Afrika, bila kificho. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa nimetoka zamu, bado nina kitambulisho cha kazi shingoni chenye picha yangu, na nilikaa nayo muda. Mimi leo naingia langoni, mlinzi ananisalimia, nasaga mawe yao na wanalipa. Mtu wa rangi yangu mwaka 1898 angefika Kanowna na karai lake, angeambiwa pika, beba, chunga, lakini usichimbe.

Waliobeba zaidi ya wote walikuwa wachunga ngamia. Watu waliwaita wote Waafghani, ingawa wengi walitoka Baluchistani na Punjabu pia. Bila ngamia wao machimbo haya yasingekuwepo, maana farasi alihitaji maji na chakula kingi kuliko alivyoweza kubeba. Unga, baruti, mabomba, barua, hata maji yenyewe, vyote vilikuja mgongoni mwa ngamia. Ndugu wawili, Faiz na Tagh Mahomet, walikuwa na kampuni kubwa ya usafirishaji. Tagh aliuawa kwa risasi mwaka 1896 akiwa anasali katika msikiti wa Coolgardie, na aliyemuua alikuwa Mwislamu mwenzake. Watu hawa walijenga msikiti jangwani, walilisha miji, na sheria ikawakataza kuinua chembe moja ya dhahabu kwa haki yao. Katika makala ndefu kiasi kile hawakupata mstari.

Hata kwa wale walioruhusiwa, ruhusa ilikuwa na kina chake, na hapa nasema kina kwa maana ya futi. Mchimbaji wa dhahabu ya mchanga alikuwa na haki ya kuingia kwenye kitalu cha kampuni na kutafuta mchanga, alimradi asiguse mshipa wa mwamba wa kampuni. Haki mbili juu ya ardhi moja. Mambo yalikwenda salama wakati mchanga ulikuwa juu juu. Ilipogundulika mikondo ya chini, kampuni zikaona wachimbaji wadogo wanashusha maduara ndani ya vitalu vyao na kutoka na dhahabu, zikalia kwa serikali. Mwanzoni mwa mwaka 1898 serikali ya John Forrest, waziri mkuu wa koloni, ikatoa kanuni: mchimbaji wa mchanga asichimbe ndani ya kitalu zaidi ya futi 10. Mita tatu! Kana kwamba mto wa kale ulijua kuhesabu futi.

Wachimbaji walikataa. Kwenye kitalu cha Ivanhoe Venture, hapa Kalgoorlie, waliendelea kuchimba wakijua watakamatwa, na wakakamatwa kweli, wengine wakapelekwa gerezani. Machi ya mwaka huo Forrest mwenyewe alikuja Kalgoorlie na umati ukamzingira stesheni, akasukumwa, na habari zikasema alichomwa mbavuni kwa mwavuli. Mhariri mwenzako wa enzi hizo, Frederick Vosper, aliyewahi kuhariri gazeti la Coolgardie Miner na ambaye pia alikuwa mbunge, alikuwa miongoni mwa sauti zao kubwa. Kanuni ile iliondolewa. Mimi namheshimu Vosper kwa hilo, ingawa kwa suala la Waasia alikuwa miongoni mwa wabaguzi wakubwa, na sioni sababu ya kutaja moja nikaficha jingine. Ugomvi huu ndio moyo wa historia ya dhahabu ya mchanga katika nchi hii, nanyi mmeupa nusu sentensi: "kulitokea pia vurugu".

Nafasi yake mmeipa lile Pande Takatifu. Naelewa, ni kisa kitamu. Lakini mmeliandika kama kwamba lilipatikana, na halikupatikana. Ilikuwa hivi. Mwaka huo huo wa 1898 uvumi ulienea Kanowna kwamba watu wawili wameokota pande la dhahabu kubwa kuliko lililowahi kuonekana na kwamba wamemwonyesha kasisi wa Kikatoliki, Padri Long, kijana wa umri wa ishirini na kitu, chini ya ahadi ya siri. Kwa kuwa padri hawezi kufumbua siri, watu wakaliita takatifu. Jambo likakua hadi watu hawalali. Kila aliyekutana na padri alimsaili. Mwishowe, mwezi Agosti, akatangaza kwamba waliompa siri wamemruhusu kutaja mahali tu. Siku hiyo maelfu walijazana mbele ya hoteli, wengine juu ya farasi, wengine na magari ya kukokotwa, wengi na baiskeli, kwa sababu baiskeli ndiyo ilikuwa usafiri wa mtu wa kawaida kwenye tambarare hizi, haili wala hainywi. Padri akasimama kwenye roshani, akataja barabara na ziwa la chumvi. Hakumaliza vizuri, umati ulikuwa umeshang'oka.

Walichimba. Walipiga vigingi usiku. Hapakuwa na kitu, na wenye pande lile hawakujitokeza kamwe. Padri Long alikufa mwaka uliofuata kwa homa ya matumbo. Wapo wanaosema alidanganywa kwa kipande cha chuma kilichopakwa rangi, wapo wanaosema vinginevyo. Mimi naamini alikuwa mtu mwaminifu aliyebanwa na watu elfu kadhaa waliokuwa wamekula vumbi miezi mingi na kuhitaji kuambiwa waelekee wapi. Kama mnataka pande la kweli, lipo: Normandy, kilo 25 na nusu, liliokotwa mwaka 1995 kwenye kijito kikavu hapa hapa Kalgoorlie, na limewekwa kwenye maonyesho huko Perth. Hilo mngeweza kulipiga hata picha.

Kuhusu bomba la maji mmeeleza vyema na sina la kuongeza ila tarehe zake. Mhandisi C. Y. O'Connor alibuni bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mundaring, karibu na Perth, lenye vituo vinane vya pampu za mvuke, la kusukuma galoni milioni tano kwa siku kupandisha nyanda hizi. Magazeti yalimwandama bila huruma. Alijiua Machi 1902. Maji yalifunguliwa Kalgoorlie Januari 1903. Ila mtazame mwaka huo, 1903. Wapuliza vumbi walikuwa wameshamaliza mchanga wa juu. Maji yaliwafaa migodi ya kina, treni na miji. Yule wa kwenye picha yenu, kama aliishi, aliyanywa akiwa mwajiriwa wa kampuni au hakuyanywa kabisa.

Jingine ni ile kauli kwamba mji ulikufa kwa sababu "dhahabu iliisha". Iliisha dhahabu ya karai. Mwaka 1989, karibu kabisa na mji ule uliokufa, ilipatikana amana kubwa ya dhahabu ya mwamba, na mgodi wa Kanowna Belle ukafunguliwa mwaka 1993, kwanza shimo la wazi, kisha chini kwa chini. Watu 12,500 waliishi jirani yake na kuondoka. Hawakuwa wajinga. Dhahabu ya mwamba wa namna ile imejificha ndani ya madini ya salfa, huioni kwa jicho wala kwa lenzi. Maabara yetu ikitoa majibu ya gramu tatu au nne kwa tani, mwenye mgodi anatabasamu. Gramu nne ndani ya tani nzima! Upepo na karai havina la kufanya hapo. Kwa hiyo mtu akisema "walichimba wakamaliza", aulizwe walikuwa na chombo gani.

Namalizia na jambo lililonifanya nimalize barua hii badala ya kuiacha kwenye droo kama nyingine. Tangu makala itoke nimepigiwa simu na vijana, mmoja mtoto wa dada yangu anayesoma Perth, wakiniuliza kama ni kweli Kanowna "dhahabu bado iko juu ya ardhi, ni kununua detekta tu", yaani kile kifaa kinacholia kikipita juu ya madini. Nanyi ndio mmeandika hivyo kwenye aya ya mwisho. Naomba muwaeleze yafuatayo. Leseni ya mtafutaji, ile ile ya zamani kwa jina la Miner's Right, bado ipo chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1978, na inampa mtu ruhusa ya kutafuta kwa zana za mkono kwenye ardhi ya serikali iliyo wazi. Haimruhusu kuingia kwenye kitalu cha mtu bila idhini ya maandishi ya mwenye kitalu, na kuzunguka Kanowna karibu kila kipande kina mwenyewe. Haimruhusu kuchimba makaburini. Maeneo ya urithi ya Waaborijini yana sheria yake tangu mwaka 1972. Shimo ukichimba, ulifukie. Polisi wa hapa wana kitengo cha wizi wa dhahabu tangu mwaka 1907, na hawana mzaha.

Halafu maduara. Mengi yako wazi, midomo yake imebomoka pande zote, na vichaka vimeota kuyaziba. Mtu anayetembea akiwa na vidude vya kusikilizia masikioni na macho kwenye sahani ya detekta hatazami mbele. Mpwa wangu nimemwambia kama anataka kuja aje, nitamchukua kwa gari, tutaenda mchana, maji lita kumi kwa kila mmoja, na tutakaa kwenye njia. Kwanza nitampeleka kwa yule mzee akamsaidie kuzungusha mpini, kama mzee atakubali, maana siku hizi mivukuto imepasuka na anatafuta ngozi ya kuibadilisha.

Wako,
Fundi wa maabara ya sampuli,
Kalgoorlie, Australia Magharibi